Panya Majumbani na Madukani: Namna ya Kuwadhibiti Pembezoni mwa Dar es Salaam

Panya hukaa pale anapopata mambo matatu kwa pamoja, yaani chakula, maji na maficho, na katika kata za pembezoni mwa Dar es Salaam mambo hayo hupatikana kwa wingi kuliko wakazi wengi wanavyodhani. Kwa upande wa Kinondoni, katika maeneo kama Bunju, Mabwepande na Kunduchi, na kwa upande wa Temeke, katika Mbagala, Chamazi, Toangoma na Kijichi, nyumba iliyokamilika hupakana na boma lililosimama miaka mingi bila kuezekwa, kiwanja chenye nyasi na vifusi hupakana na duka la nafaka, na banda la kuku wa mayai hujengwa hatua chache kutoka jikoni. Mkazi anayenunua pakiti ya sumu kila panya wanapozidi, huku mambo hayo matatu yakibaki yalivyo, hupata nafuu ya wiki chache tu kisha hulazimika kununua nyingine. Makala haya yanaeleza kwa nini hali huwa hivyo, na yanaipanga kazi ya kudhibiti panya kwa utaratibu ambao sumu ndiyo hatua ya mwisho.

Panya ni wa jamii ya wagugunaji, yaani mamalia ambao meno yao ya mbele hayaachi kukua maisha yao yote na ambao, kwa sababu hiyo, hulazimika kuguguna vitu vigumu ili kuyapunguza. Ndiyo maana huharibu hata vitu visivyolika, kama vile mabomba ya plastiki, nyaya za umeme na miimo ya milango. Wanaosumbua majumbani ni wa aina tatu hasa, na kuwatofautisha kuna faida, kwa kuwa kila aina ina makazi yake na hutegewa mahali pake. Wa kwanza ni panya wa darini, ambaye kwa jina la kisayansi huitwa Rattus rattus: ana mwili mwembamba, masikio makubwa na mkia mrefu kuliko kichwa na mwili vikiunganishwa, naye ni hodari wa kupanda kuta, minazi na nyaya, hivyo hukaa juu ya dari na kwenye kenchi za paa. Wa pili ni panya wa mitaroni, Rattus norvegicus, ambaye ni mzito zaidi, ana pua butu na mkia mfupi kuliko mwili, na huchimba mashimo kando ya mitaro, karo na misingi ya nyumba. Huyu amezoea miji ya bandari, kwa kuwa alisambaa duniani kwa meli. Wa tatu ni panya mdogo wa nyumbani, Mus musculus, mwenye uzito wa gramu 20 hivi, anayeweza kuishi ndani ya kabati au nyuma ya friji bila kutoka nje kwa miezi. Pembezoni mwa mji, ambako mashamba na vichaka bado havijaisha, huongezeka panya shamba, Mastomys natalensis, ambaye huingia nyumbani hasa baada ya mavuno au kiwanja cha jirani kinapofyekwa, na ambaye jike lake linaweza kuzaa watoto zaidi ya 10 kwa mkupuo mmoja.

Jina la panya buku hutumiwa mitaani kwa kila panya mkubwa, ilhali panya buku halisi, wa jenasi ya Cricetomys, ni mnyama mwingine kabisa, mwenye mifuko ya kubebea chakula ndani ya mashavu na mkia ambao sehemu yake ya mwisho ni nyeupe. Huyo ndiye ambaye shirika la APOPO, lenye kituo chake katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro, humfundisha kunusa mabomu ya kutegwa ardhini na vimelea vya kifua kikuu katika makohozi. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alitunukiwa nishani ya dhahabu na taasisi ya PDSA ya Uingereza mwaka 2020. Panya buku anapoonekana katika bustani za Chamazi au Mabwepande, inatosha kumzuia kwa wavu, na hakuna sababu ya kumwekea sumu inayokusudiwa panya wa darini.

Kasi ya kuzaliana ndiyo inayozishinda nyumba nyingi. Jike la panya wa darini au wa mitaroni hubeba mimba kwa wiki 3 hivi, huzaa watoto 6 hadi 8 kwa kawaida, na watoto hao huwa tayari kuzaa wakiwa na umri wa miezi 3 hivi. Idadi yao haiwekewi kikomo na wingi wa uzazi, bali na kiasi cha chakula na nafasi ya kujificha, kwa maana kwamba katika mtaa wenye chakula kidogo watoto wengi hufa na wengine huhama. Nyumba inapoua nusu ya panya wake bila kuondoa chakula, wale waliobaki hupata mgawo mkubwa zaidi, watoto wao hunusurika kwa wingi, na wageni kutoka nyumba za jirani huhamia katika mashimo yaliyoachwa wazi. Baada ya miezi michache hesabu hurudi palepale. Huu si uvivu wa mwenye nyumba wala ubovu wa dawa aliyonunua. Ni tabia ya kawaida ya wanyama hawa, na mpango wowote usioizingatia utashindwa hata ukigharimiwa vipi.

Kabla ya kununua chochote, nyumba inapaswa kukaguliwa kwa tochi usiku, saa moja au mbili baada ya taa kuzimwa. Kinyesi ndicho dalili iliyo rahisi kusomeka: kinyesi cha panya mdogo wa nyumbani kina urefu wa milimita 3 hadi 6, cha panya wa darini hufikia milimita 12 hivi na huchongoka pande zote mbili, na cha panya wa mitaroni huwa kinene, butu, chenye urefu wa karibu milimita 20. Kinyesi kibichi ni cheusi, laini na hung'aa, ilhali cha zamani hukauka, hufifia na kuvunjika kikiguswa na kijiti. Panya hupita njia ileile kila usiku, akiusugua mwili wake ukutani, hivyo huacha michirizi myeusi ya mafuta kwenye kona, juu ya papi na kuzunguka matundu anayopitia. Pale ambapo haijulikani kama tundu linatumika, huzibwa kwa karatasi iliyofinyangwa au hunyunyiziwa unga mwembamba mbele yake jioni. Asubuhi karatasi itakuwa imesukumwa, au nyayo na mburuzo wa mkia vitaonekana juu ya unga. Panya wakionekana mchana, kwa kawaida maana yake ni kwamba wamekuwa wengi kiasi kwamba wanyonge miongoni mwao hawapati nafasi ya kula usiku.

Hasara inayohesabiwa na wengi ni ile ya chakula kilicholiwa, nayo ni ndogo ikilinganishwa na ile ya kinachochafuliwa. Panya mkubwa hula gramu 25 hadi 30 kwa siku, lakini katika siku hiyohiyo huacha vipande 40 hivi vya kinyesi, pamoja na mkojo na manyoya, juu ya magunia anayoyakanyaga. Nyaya zilizogugunwa darini hubaki wazi zikigusana na mbao kavu za kenchi, na moto ukianzia huko huonekana wakati umekwisha kushika paa. Wako pia wanaoamka na kukuta visigino vimegugunwa, jambo linalowapata zaidi watoto, wazee na wagonjwa wa kisukari ambao miguu yao imepoteza hisia; kwa mgonjwa wa kisukari jeraha la namna hiyo, hata likiwa dogo, ni la kupelekwa hospitali siku hiyohiyo.

Magonjwa ndiyo yanayostahili uzito zaidi. Mwezi Julai 2022 Wizara ya Afya ilitangaza kuwa ugonjwa uliozuka katika Wilaya ya Ruangwa, mkoani Lindi, ulikuwa homa ya mgunda, ambayo kitaalamu huitwa leptospirosisi. Wagonjwa 20 waliripotiwa, na 3 kati yao walifariki. Bakteria wake huishi katika figo za wanyama, panya wakiwa wa mbele, hutoka na mkojo, hudumu katika maji na tope, kisha huingia mwilini kupitia michubuko ya ngozi, macho au kinywa. Mkazi wa bondeni, karibu na Mto Ng'ombe au Mto Kizinga, anayetembea peku katika maji ya masika yaliyofurika kutoka mitaroni, yumo katika hatari hiyo kama alivyo mkulima. Dalili zake za mwanzo, yaani homa ya ghafla, kichwa kuuma na maumivu makali ya misuli, hasa ya mashavu ya miguu, hufanana na za malaria, kwa hiyo mgonjwa ambaye kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu na aliyegusana na maji ya mafuriko au na panya anapaswa kumweleza daktari jambo hilo waziwazi, bila kusubiri aulizwe. Tauni, inayoenezwa na viroboto wa panya, iliisumbua Lushoto mkoani Tanga kwa zaidi ya miongo miwili kuanzia mwaka 1980. Dar es Salaam si eneo lake, lakini fundisho moja la huko linafaa kila mahali, nalo ni kutomshika panya aliyekufa kwa mkono mtupu, kwa sababu viroboto huuhama mzoga unapopoa na kutafuta mwili mwingine wenye joto.

Hatua ya kwanza ya udhibiti ni kumnyima panya chakula. Katika mitaa ambayo gari la taka au guta la mzoaji hupita kwa siku za kubahatisha, viroba vya taka hulala nje usiku mbili tatu, na kunguru huvipasua mchana ili panya wamalizie usiku. Suluhisho lisilo na gharama kubwa ni ndoo au pipa lenye mfuniko unaobana, likiwekwa juu ya matofali, pamoja na kutenganisha mabaki ya chakula na taka kavu, kwa kuwa mabaki ya chakula peke yake ni machache na yanaweza kufukiwa shimoni kwa kina cha kutosha au kupewa mifugo. Vyombo visilale bila kuoshwa, na sufuria ya ugali iliyolowekwa kwa ajili ya kesho isiachwe uani, maana hapo panya hupata chakula na maji kwa wakati mmoja. Unga, mchele na maharage vikae katika ndoo ngumu za plastiki zenye vifuniko au, bora zaidi, katika mapipa ya chuma. Mifuko ya kuhifadhia nafaka isiyopitisha hewa, iliyoenea sana miaka ya karibuni, ni kinga nzuri dhidi ya wadudu, lakini panya huitoboa kwa usiku mmoja, hivyo nayo huhitaji kuwekwa ndani ya kitu kigumu.

Banda la kuku linastahili kuzungumzwa peke yake, kwa sababu katika vitongoji hivi ndilo ghala kuu la chakula cha panya, na mara nyingi ndilo la mwisho kushukiwa. Mfugaji hujaza vyombo vya chakula jioni ili kuku wajihudumie alfajiri, naye panya hula usiku kucha. Huiba mayai, huua vifaranga wa siku chache, na huchimba mashimo chini ya maranda yaliyotandikwa sakafuni, ambako pana joto na hapaonekani. Chakula kinapaswa kuondolewa au kufunikwa giza linapoingia, magunia ya pumba na mashudu yakae juu ya chaga ndani ya stoo yenye sakafu ya saruji, wavu wa kuku wenye matundu mapana uzungushiwe kwa chini wavu wa chuma wenye matundu ya milimita 6, na wavu huo ufukiwe ardhini kwa sentimita 30 au zaidi ukikunjwa kuelekea nje. Mfugaji anayeona kazi hii ni kubwa alinganishe na mifuko ya chakula anayopoteza kwa msimu mmoja wa kufuga.

Hatua ya pili ni kuziba njia. Panya mdogo wa nyumbani hupenya tundu la milimita 6 hivi, ambao ni unene wa penseli, na panya mkubwa ambaye bado ni mchanga huhitaji mara mbili yake tu. Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam njia kuu ya panya wa darini ni pale bati linapokutana na ukuta: migongo ya bati huacha vijidirisha vingi juu ya ukuta, na mafundi wengi hawavizibi kwa kuwa havionekani kutoka chini. Dari la jipsamu likishafungwa, nafasi hiyo huwa chumba cha panya chenye joto, giza na nyaya, na mwenye nyumba husikia tu mbio za usiku. Wakati mzuri wa kuiziba ni kabla dari halijafungwa, kwa wavu wa chuma au mchanganyiko wa saruji, na anayejenga sasa afadhali ailipie kazi hiyo kabla ya kulipia rangi. Njia nyingine ni matundu yanayopitisha mabomba ya sinki na ya kiyoyozi, matundu ya hewa yasiyo na wavu, mifuniko ya chemba na karo iliyopasuka, na mianya iliyo chini ya milango, ambayo huzuiwa kwa kupigilia ukanda wa bati. Tundu dogo hujazwa nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, zinazojulikana kwa jina la stiliwaya, kisha hupakwa saruji juu yake; vitambaa, mbao laini na povu la kuziba nyufa peke yake havimzuii panya, kwa kuwa huviguguna. Matawi ya mwembe yanayogusa paa hukatwa, na mnazi ulio karibu na nyumba huvishwa ukanda wa bati laini kuzunguka shina, juu ya kimo cha mtu, mbinu ambayo wenye minazi wa pwani wameitumia pia kuokoa vidaka na madafu.

Katika nyumba za vyumba vya kupanga, zenye ukumbi wa kati, uani na choo cha pamoja, mpangaji mmoja hawezi kufanya hayo yote, naye hana haki ya kuvunja ukuta usio wake. Lililo katika uwezo wake ni chumba chake: ukanda wa mlango, ndoo za chakula, na mizigo iliyo chini ya kitanda kuinuliwa juu ili pafagiwe. Yaliyobaki ni wajibu wa mwenye nyumba, na ni vizuri wapangaji wamwendee pamoja, kwa heshima na kwa orodha ya matundu yaliyoonwa, kuliko kila mmoja kulalamika kivyake. Mtindo wa kila chumba kuweka sumu yake ni wa hatari, kwa sababu watoto wa nyumba nzima huchezea uani na hakuna anayejua nani ameweka nini wapi.

Ndipo huja kutega, na kwa nyumba ya kawaida mitego hutosha kabisa ikiwa hatua mbili za mwanzo zimefanyika. Mtego wa kubana, ule wa springi, huwekwa ukiwa umelala sakafuni kwa pembe mraba na ukuta, upande wa chambo ukiuelekea ukuta, kwa kuwa panya hutembea akiambaa kando wala si katikati ya chumba. Panya wa darini na wa mitaroni huogopa kila kitu kipya katika njia yao, hivyo mitego huwekwa siku kadhaa ikiwa na chambo bila kutegwa, mpaka chambo kianze kuliwa, kisha yote hutegwa usiku mmoja. Panya mdogo, kinyume chake, ni mdadisi na hunaswa usiku wa kwanza. Chambo kizuri hapa mjini ni kipande cha nazi kilichochomwa, dagaa wa kukaanga au siagi ya karanga, kikifungwa kwa uzi ili kisinyakuliwe. Kosa la kawaida ni kuweka mtego mmoja mahali panapohitaji 10. Gundi ya panya, ambayo imeenea kwa kuwa ni rahisi, humwacha mnyama akihangaika kwa saa nyingi huku akikojoa na kunya juu yake, na hunasa pia mijusi na vifaranga. Hakuna sababu ya kuipendelea mahali ambapo mtego wa kubana unaua papo hapo. Vifaa vya kutoa sauti isiyosikika na binadamu havijathibitika kuwafukuza panya kwa muda mrefu, kwani huizoea, wala unga uliochanganywa na saruji si wa kutegemewa.

Sumu inahitaji maelezo marefu, kwa sababu ndiyo inayotumiwa zaidi na kueleweka kidogo zaidi. Sumu za panya ni za makundi mawili makubwa. Kundi la kwanza ni zile zinazozuia damu kuganda, zikiwemo warfarini, iliyoanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1940, na zilizoifuata zenye nguvu zaidi, kama vile bromadiolone na brodifacoum. Panya aliyezila hufa baada ya siku 3 hadi 7, na kwa kuwa hahusishi kuugua na chambo alichokula, wenzake huendelea kula bila hofu. Kundi la pili ni sumu kali za papo kwa papo, kama fosfidi ya zinki, ambayo ikifika tumboni hutoa gesi ya fosfini inayoua kwa saa chache. Kundi la kwanza lina dawa yake hospitalini, ambayo ni vitamini K1. Fosfidi ya zinki haina. Tofauti hiyo peke yake inatosha kumfanya mwenye watoto asome lebo kabla ya kulipa.

Pakiti zinazouzwa na wachuuzi wanaopita na vipaza sauti, wakitangaza dawa ya panya, mende na kunguni kwa pamoja, mara nyingi hazina lebo ya kueleza kilichomo. Nchini Afrika Kusini imethibitika kuwa baadhi ya sumu za panya zinazouzwa mitaani ni aldikabu, kiuatilifu cha mashambani chenye ukali unaoweza kumuua mtu kwa kiasi kidogo sana. Pakiti isiyo na jina la kiambato haimwezeshi daktari kujua atibu nini, na hilo ndilo linalogharimu maisha. Nchini Tanzania viuatilifu husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, na bidhaa inayofaa kununuliwa ni ile yenye namba ya usajili, jina la kiambato, na maelezo kwa lugha inayosomeka. Chambo cha sumu hakiwekwi wazi wala hakichanganywi na chakula cha binadamu katika sahani ya nyumbani. Huwekwa ndani ya kisanduku kigumu kinachofungwa, chenye tundu la panya tu, kikafungwa kwa waya ili kisibebwe. Panya aliyekula sumu huweza kuliwa na paka, kunguru au bundi, wakadhurika nao, kwa hiyo mizoga hutafutwa kila asubuhi, hushikwa kwa mfuko uliogeuzwa mkononi, na hufukiwa kwa kina kisichofukuliwa na mbwa. Mtoto akidhaniwa kula sumu, asitapishwe wala asinyweshwe maziwa au mafuta kwa imani kuwa vitaiua sumu. Apelekwe hospitali mara moja pamoja na pakiti yenyewe, hata kama anacheza na kuonekana mzima, kwa kuwa sumu ya kuzuia damu kuganda haionyeshi dalili siku ya kwanza.

Kusafisha palipochafuliwa nako kuna utaratibu. Kinyesi kikavu hakifagiliwi, kwa sababu vumbi lake hupumuliwa. Hulowanishwa kwanza kwa maji yenye dawa ya klorini ya kufulia, sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 9 za maji, huachwa dakika 5 hadi 10, kisha hufutwa kwa mkono uliovaa glavu.

Kwa wafanyabiashara, tatizo huanza na mzigo. Magunia ya mchele na maharage kutoka masoko makubwa kama Tandale huweza kuja na panya wadogo au viota ndani yake, hivyo hukaguliwa nje kabla ya kuingizwa dukani. Katika ghala, mzigo hupangwa juu ya chaga, ukiachiwa nafasi ya sentimita 50 kutoka ukutani, ili mtu aweze kupita na tochi. Nafasi hiyo, ambayo wenye maduka madogo huiona ni hasara ya eneo, ndiyo tofauti kati ya ghala linalokaguliwa na lisilokaguliwa. Mbinu moja ya zamani inayofaa sana ni kupaka sakafuni rangi nyeupe kuambaa ukuta wote, upana wa sentimita 15 hivi, kwa kuwa kipande kimoja cha kinyesi au unyayo juu yake huonekana asubuhi kabla tatizo halijawa kubwa. Mashine za kusaga nafaka zifagiwe hadi nyuma ya mota kila jioni, na mama lishe wanaohifadhi vyombo katika vibanda wavifunge ndani ya masanduku ya bati. Mkaguzi wa chakula, ambaye tangu mwaka 2019 hutoka Shirika la Viwango Tanzania badala ya iliyokuwa TFDA, ana haki ya kuuliza biashara inafanya nini dhidi ya panya, na daftari lenye tarehe, mahali mitego ilipo na kilichonaswa humjibu vizuri kuliko maneno.

Anayekodi kampuni ya kupuliza dawa ajue kwamba kupuliza kunakomaliza mende hakumhusu panya. Mkataba wa panya unapaswa kutaja kiambato kitakachotumika, mchoro wa mahali visanduku vitakapowekwa, tarehe za kurudi kuvikagua, na nani atakayekusanya mizoga. Kampuni inayoahidi kumaliza kazi kwa ziara moja, bila kuzungumzia matundu wala taka, haifai kulipwa.

Paka ana msaada wake, hasa kwa panya wadogo na katika kuzuia wapya wasihamie, ingawa mara chache humkabili panya mkubwa wa mitaroni. Bundi ni msaidizi mkubwa zaidi, kwa kuwa chakula chake kikuu ni panya, na inasikitisha kwamba bado hupigwa mawe kwa kuhofiwa kuleta msiba.

Kazi hii hukamilika inapofanywa na mtaa, kwa sababu eneo analotembelea panya mkubwa ni mita 30 hadi 50, yaani zaidi ya kiwanja kimoja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, waliowachunguza panya shamba kwa miongo kadhaa, wamejaribu na wanavijiji utaratibu wa kaya zote kutega kwa wakati mmoja, na mjini utaratibu huohuo unaweza kuambatanishwa na Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambayo tayari ni siku ya usafi: nyasi zifyekwe, vifusi viondolewe, mifuniko ya chemba izibwe, na mitego itegwe usiku huo katika nyumba zote za shina moja. Wakati unaofaa zaidi ni kabla ya masika, mwezi Februari, panya wakiwa bado katika mashimo yao na kabla maji hayajawasukuma kuingia majumbani. Suala la kiwanja kilichoachwa na mwenyewe, au la mwenye jengo anayekataa kuondoa taka zake, hupelekwa kwanza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Akishindwa, malalamiko hupelekwa kwa maandishi kwa afisa afya wa kata, ambaye chini ya Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 ana mamlaka ya kukagua eneo na kuamuru kero iondolewe, na nakala ya barua hiyo, ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa, ibaki kwa walioiandika.